Ugomvi wa Vina Uingereza

Mwaka 1668 mchapaji mmoja wa London, Samuel Simmons, alikuwa na kitabu kilichowatatiza wateja wake. Mwaka uliotangulia alikuwa amenunua utenzi mrefu kutoka kwa mzee kipofu, John Milton, kwa mkataba wa tarehe 27 Aprili 1667: pauni 5 mkononi, na pauni 5 nyingine nakala 1,300 zikishauzwa. Utenzi huo, Paradise Lost, ulikuwa na mishororo zaidi ya 10,000 juu ya Shetani, Adamu, Hawa na bustani waliyoipoteza. Watu walifungua kitabu, wakatafuta vina, wasivione, wakauliza kulikoni. Simmons akamwomba mshairi aeleze, kisha akayabandika maelezo hayo mbele ya nakala zilizokuwa bado ghalani.

Ni aya fupi, na mwandishi wake ana hasira. Homer na Virgil, anasema Milton, hawakuhitaji vina. Vina vilizuliwa na zama za ushenzi ili kupamba maudhui duni na mizani yenye kilema. Washairi waliofuata walivibeba kwa mazoea tu, wakajitesa, wakasema vibaya yale ambayo wangeyasema vizuri. Utenzi wake, anadai, ndio wa kwanza katika Kiingereza kuurudishia ushairi wa kishujaa uhuru wake wa kale.

Msomaji wa Kiswahili aliyezoea ukurasa wa mashairi gazetini anaijua kesi hii. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko wamebishana hadi sauti zikakauka kama shairi lisilo na vina ni shairi au ni guni, na upande mmoja haukukosa kusema kwamba hayo ni maigizo ya Kizungu. Hao Wazungu wenyewe, angalau wale wa Uingereza, waligombana juu ya jambo hilohilo kwa karne nyingi, na katika ugomvi wao kila upande ulidai kwamba mila iko kwake. Ukirudi nyuma vya kutosha utaona kwamba kina kwa Waingereza ni mgeni aliyekaribishwa, akakaa, akaonekana mwenye nyumba.

Turudi basi. Mtunzi wa kwanza wa Kiingereza tunayemjua kwa jina alikuwa mchunga ng'ombe. Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731, anasimulia kwamba katika monasteri ya Whitby, kwenye pwani ya kaskazini-mashariki, chini ya abesi Hild, aliishi mtumishi aitwaye Caedmon. Kwenye karamu kinubi kilizungushwa, kila mtu aimbe kwa zamu. Caedmon, ambaye hakujua wimbo hata mmoja, alipoona kinubi kinamkaribia aliinuka na kuondoka. Usiku mmoja akalala zizini, akaota mtu anamwamuru aimbe juu ya mwanzo wa viumbe. Akaimba. Asubuhi aliyakumbuka maneno yote, akapelekwa kwa Hild, na tangu siku hiyo watawa wakawa wanamsomea Biblia naye anaigeuza kuwa mashairi.

Kilichobaki cha Caedmon ni mishororo tisa tu, iliyoandikwa pembezoni mwa nakala za kale za kitabu cha Bede. Haina vina. Mshororo umegawanyika vipande viwili, kama ukwapi na utao wa shairi letu, na kila kipande kina mikazo miwili. Kinachofunga vipande hivyo ni sauti za mwanzo: silabi nzito ya kwanza katika kipande cha pili ndiyo mfalme, na katika kipande cha kwanza lazima walau silabi nzito moja ianze kwa konsonanti ileile. Irabu zote zilihesabiwa kuwa sauti moja. Silabi nyepesi hazikuhesabiwa kama sisi tunavyohesabu nane kwa nane. Zilibanana au zikatawanyika kati ya mapigo, mradi mapigo manne yasikike.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya fundi wa Kiswahili na fundi wa Kiingereza. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo cha shairi. Tunahesabu silabi na kutega vina. Katika Kiingereza mkazo unarukaruka, huanguka mwanzoni mwa neno hili na mwishoni mwa lile, na mara nyingine neno moja hubadilika kutoka nomino kuwa kitenzi kwa kuhamishwa mkazo tu. Masikio ya Waingereza yanasikia kwanza uzito. Mengine yote, vina vikiwamo, yalijengwa juu ya msingi huo.

Kwa kanuni hizohizo ulitungwa Beowulf, wenye mishororo 3,182, juu ya shujaa anayepigana na majitu na mwishowe na joka. Umetufikia katika muswada mmoja tu, ulioandikwa takribani mwaka 1000. Oktoba 1731 nyumba ya Ashburnham mjini London, ulimohifadhiwa, iliwaka moto. Kingo za kurasa ziliungua na zikaendelea kumeguka kwa miaka. Upepo ungegeuka kidogo usiku ule, nusu ya hoja zangu zingekosa ushahidi.

Vina viliingiaje? Kwa milango miwili. Wa kwanza ni kanisa: tenzi za Kilatini zilizoimbwa na watawa zilikuwa na vina karne kadhaa kabla, na mshairi mmoja wa Kiingereza cha kale aliwahi kujaribu kuvitia katika shairi zima, ambalo limehifadhiwa katika Kitabu cha Exeter na linasomeka kama zoezi la mtu anayejionyesha. Mlango wa pili ni vita. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka nchi, na kwa zaidi ya karne mbili lugha ya ikulu na mahakama ikawa Kifaransa, ambacho washairi wake walihesabu silabi na kupanga vina. Mwingereza aliyetaka kusikilizwa na wakubwa alijifunza mtindo wa wakubwa. Lugha yenyewe nayo ilikuwa inabadilika, viambishi vya mwisho vikipukutika, na maneno ya Kifaransa yakiingia kwa maelfu pamoja na mikazo yake.

Ushairi wa kale haukufa siku moja. Katika karne ya 14 mikoa ya magharibi na kaskazini ilitoa kazi kubwa za mtindo wa sauti za mwanzo: Piers Plowman wa William Langland, na kisa cha Sir Gawain na shujaa wa kijani cha mtunzi asiyejulikana jina. Lakini London ilikuwa imeshachagua njia nyingine, na Geoffrey Chaucer ndiye aliyeipanua. Mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo, alitekwa vitani Ufaransa, na mwaka 1360 mfalme alichangia pauni 16 katika fidia yake; baadaye akatumwa Genoa na Florence, na tangu 1374 akawa msimamizi wa ushuru wa sufu katika bandari ya London. Alirudi na tathnia za vina, mishororo yenye mikazo mitano, na dharau kidogo: katika Canterbury Tales anamfanya Kasisi aseme kwamba yeye ni mtu wa kusini, mambo ya kugonganisha herufi za mwanzo hayawezi. Ni mzaha, lakini mtindo wa miaka 700 unazikwa na mzaha huo.

Halafu likatokea jambo ambalo nadhani kila mshairi angelipaswa kulijua kabla hajajivunia mizani yake. Wakati wa Chaucer irabu dhaifu mwishoni mwa maneno mengi bado ilitamkwa, na mizani yake iliitegemea. Ndani ya vizazi vichache irabu hiyo ikanyamaza. Watu waliendelea kumsifu na kumchapisha, lakini walipomsoma kwa sauti mishororo yake ilichechemea. Mhariri Thomas Speght, karibu na mwaka 1600, alisema kwamba makosa ni ya wasomaji na wanakili. Hakuaminiwa. John Dryden, mshairi mkuu wa zama zake, aliandika mwaka 1700 kwamba dai hilo halistahili hata kupingwa: Chaucer aliishi utotoni mwa ushairi, na watoto hawazaliwi watu wazima. Ilibidi kusubiri hadi 1775, Thomas Tyrwhitt alipotoa toleo lake na kuonyesha silabi zilizopotea zilikuwa wapi. Kwa takribani miaka 300 fundi hodari kuliko wote alikuwa amehesabiwa kuwa mwenye guni, kwa sababu ya irabu moja.

Vina navyo huzeeka. Alexander Pope, katika karne ya 18, alilitamka jina la chai kwa sauti ya "tei", na akalitia kina kwa haki kabisa. Leo kina hicho kinaonekana kimevunjika.

Kiingereza kina taabu nyingine. Katika Kiswahili kila neno la asili huishia kwa irabu, na mtunzi anayetafuta kina cha -ka au cha -ni anachota kisimani. Waitaliano wako karibu nasi. Mwingereza anaokota makombo: maneno yake huishia kwa kila namna ya konsonanti, na hata maneno ya kila siku, kama lile la mwezi wa kalenda, hayana mwenzake wa kina. Thomas Wyatt, balozi wa mfalme Henry VIII, alipoileta soneti kutoka kwa Petrarch aligundua kwamba mishororo minane ya kwanza ilidai vina viwili tu, kila kimoja mara nne. Rafiki yake kijana, Henry Howard, bwana wa Surrey, akatafuta nafuu: akaigawa ile mishororo 14 katika beti tatu za mishororo minne na tathnia moja ya kufungia, ikatosha vina saba, kila kimoja mara mbili. Umbo ambalo dunia inaliita la Shakespeare, kwa soneti zake 154 zilizochapishwa mwaka 1609, lilizaliwa kwa uhaba.

Surrey huyohuyo alifanya jambo kubwa zaidi. Karibu na mwaka 1540 alitafsiri vitabu viwili vya Aeneid ya Virgil. Kilatini cha Virgil hakina vina, na Waitaliano walikuwa wameshaanza kuviacha katika tafsiri za aina hiyo. Surrey akaushika mshororo wa Chaucer wenye mikazo mitano, nyepesi ikifuatwa na nzito, akaukata kina. Hakuona matunda yake. Tarehe 19 Januari 1547 alikatwa kichwa akiwa na miaka takribani 30, kwa shtaka la uhaini lililohusu kujitwalia nembo ya kifalme. Mfalme aliyeidhinisha hukumu hiyo alifariki siku tisa baadaye. Mchapaji Richard Tottel alitoa tafsiri zote mbili mwaka 1557, mwaka uleule alipotoa mkusanyiko wa mashairi uliowatangaza Wyatt na Surrey kwa umma. Huko mishororo mikavu ya Wyatt ilipigwa randa bila ruhusa ya marehemu, ili mizani itulie. Ukilinganisha na muswada wenye mwandiko wake mwenyewe, utamhurumia.

Jukwaa ndilo lililoupa mshororo huu mwili. Mwaka 1561 wanasheria wawili, Thomas Norton na Thomas Sackville, waliandika Gorboduc, tamthilia ya kwanza ya Kiingereza kwa mtindo huo. Ni nzito kusikiliza. Kila mshororo unasimama mwishoni kama askari wa gwaride. Mwaka 1587 Christopher Marlowe akaleta Tamburlaine, na ghafla mishororo ileile ikapata radi. Aliuawa Deptford mwaka 1593, akiwa na miaka 29. William Shakespeare, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, aliishi akaendelea, na anayetaka kujifunza ufundi aangalie alivyobadilika. Tamthilia zake za mwanzo zimejaa vina na mishororo yake hufunga mwishoni. Kadiri miaka ilivyopita vina vilipungua, sentensi zikavuka kutoka mshororo hadi mshororo, wahusika wakakatizana katikati ya kipimo. Mshororo maarufu kuliko yote wa Hamlet una silabi 11 badala ya 10: silabi moja nyepesi inaning'inia mwisho, na mtu anayesitasita anasikika akisitasita. Mizani inamtumikia mhusika. Katika Winter's Tale, ukiacha nyimbo na hotuba ya Wakati, vina karibu havipo.

Mshororo huo ulifika hadi kwetu. Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Zote mbili hazina vina vya mapokeo. Ni Nyerere huyohuyo ambaye miaka ya 1990 aliigeuza Injili kuwa tenzi zenye vina kamili. Aliona kila kazi na chombo chake, na sijasikia mwanamapokeo aliyemwita mharibifu.

Jukwaani, basi, kesi ilikwisha. Kwenye vitabu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Wasomi waliolelewa kwa Kilatini walionea vina haya. Mwaka 1602 Thomas Campion, daktari na mtunga nyimbo za zeze, alitoa kitabu kidogo cha kuvishambulia, akipendekeza vipimo vya Kigiriki na Kirumi vya silabi ndefu na fupi. Kinachochekesha ni kwamba Campion ndiye mmoja wa mafundi bora wa vina katika lugha yake. Nyingi ya nyimbo zinazomfanya asomwe hadi leo ni zile alizozitunga kinyume cha kitabu chake. Samuel Daniel alimjibu mwaka 1603 kwa hoja ambayo wanamapokeo wetu wangeipigia makofi: vina vina nguvu ya mazoea na ya maumbile, mataifa mengi duniani yanavitumia, na Wagiriki na Warumi hawakupewa umiliki wa akili. Kama mwamuzi, ningempa Daniel ushindi. Vipimo vya Kirumi vilidai kupima urefu wa silabi katika lugha inayosikia uzito, na havikushika mizizi.

Sasa tunaweza kumsikia Milton vizuri zaidi. Neno alilolichagua ni uhuru, na mtu yule hakulitumia ovyo. Alikuwa ameandika vitabu kutetea kuuawa kwa mfalme Charles I mwaka 1649, akaitumikia serikali ya Cromwell iliyotawala bila mfalme, akapofuka kabisa kufikia mwaka 1652. Ufalme uliporudi mwaka 1660 alijificha, vitabu vyake vikachomwa, akafungwa kwa muda. Charles II alirudi kutoka uhamishoni na ladha za Ufaransa, na jukwaa la London likajaa tamthilia za kishujaa zilizoandikwa kwa tathnia za vina. Kina kilikuwa sare ya walioshinda. Mzee aliyeshindwa, akiamka alfajiri na mishororo kichwani na kumngoja mwandishi aje "amkamue", kama alivyosema mwenyewe kwa mzaha, aliikataa sare hiyo kwa mishororo elfu kumi.

Mshonaji mkuu wa sare hiyo alikuwa Dryden, naye aliuhusudu utenzi huo. Akamwendea Milton kuomba ruhusa ya kuugeuza kuwa mchezo wa kuimba wenye vina. John Aubrey, mdaku mwaminifu wa zama zile, anasimulia kwamba Milton alimpokea kwa adabu, akamruhusu azitie ncha tenzi zake. Ncha, yaani vile vyuma vidogo vya mapambo vilivyotiwa mwishoni mwa kamba za nguo. Sijui tusi la ufundi lililo laini zaidi ya hilo. Dryden alimaliza kazi yake, ikachapwa mwaka 1677, haikuchezwa kamwe. Mwaka huohuo akawasilisha jukwaani All for Love, kisa cha Antonio na Cleopatra, bila vina. Miaka miwili kabla alikuwa amekiri katika utangulizi wa tamthilia nyingine kwamba amemchoka mpenzi wake wa siku nyingi, Kina. Andrew Marvell, rafiki wa Milton, aliusifu utenzi huo katika toleo la 1674 kwa shairi ambalo, kama anavyotania mwenyewe, lina vina tangu mwanzo hadi mwisho. Simmons naye alishamlipa mshairi zile pauni 5 za pili mwaka 1669.

Karne iliyofuata ilikuwa ya Pope na tathnia zilizong'arishwa hadi zikakata. Nitaipita upesi, si kwa dharau. Ni kwamba ukamilifu hauna hadithi nyingi. Samuel Johnson, mwaka 1779, bado alishikilia kwamba shairi bila vina mara nyingi ni shairi kwa macho tu, kisha akakiri kwamba hangependa Milton angekuwa mtunzi wa vina. Mshairi Wordsworth naye akaandika maisha yake kwa mshororo wa Milton, kitabu kilichotoka mwaka 1850 baada ya kifo chake.

Aliyevuruga hesabu ni padri Mjesuti, Gerard Manley Hopkins. Desemba 1875 meli Deutschland ilikwama kwenye mchanga nje ya mlango wa mto Thames, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo masista watano Wafransisko waliofukuzwa Ujerumani. Hopkins, mwanafunzi wa teolojia huko Wales, aliyekuwa ameacha kutunga kwa miaka saba, aliandika utenzi juu yao kwa mizani mpya: alihesabu mikazo peke yake, silabi nyepesi zikae zinavyotaka. Sauti za mwanzo zinagongana kila mahali, kwa kuwa alikuwa akijifunza Kiwelisi na ushairi wake. Vina amevibakiza. Jarida la Wajesuti wenzake liliukataa. Alifariki mwaka 1889 karibu bila kusomwa, na rafiki yake Robert Bridges aliyachapa mashairi hayo mwaka 1918, nakala 750, zilizochukua takribani miaka kumi kuisha.

Aliporejea kwenye mikazo mitupu, Hopkins alikuwa amelifikia zizi la Caedmon kwa mlango wa nyuma. Waliomfuata waliingia kwa mlango wa mbele. W. H. Auden, akiwa mwanafunzi Oxford katika miaka ya 1920, alimsikia J. R. R. Tolkien akighani Beowulf kwa sauti na hakusahau. Mwaka 1947 alitoa The Age of Anxiety, kitabu kizima juu ya watu wanne wanaokunywa katika baa moja ya New York wakati wa vita, wakizungumza kwa mikazo minne na sauti za mwanzo zinazofungana. Kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1948. Auden mwenyewe hakuona sababu ya kuchagua kambi: aliendelea kutunga kwa vina, bila vina, kwa soneti na kwa vijishairi vya utani, hadi alipofariki Vienna mwaka 1973.